Cheti cha Kweli Hakihitaji Muhuri wa Uongo



Leo naomba tuweke kando kidogo somo letu la wiki. Kuna swali ambalo vijana wetu wananiuliza kanisani, kwenye WhatsApp, hata kwenye stegi nikingoja matatu. "Pasta, nimepata kazi ng'ambo, lakini wanataka cheti changu cha digrii kipigwe mihuri. Kuna mtu amesema anaweza kunisaidia haraka. Nifanye nini?"

Wengine mtasema hilo ni swali la wakili, si la pasta. Nakubali, lina sehemu ya wakili, na nitaieleza hapa chini kama nilivyoiona. Lakini ndani yake kuna ukweli na uongo, kuna pesa za chama, kuna machozi ya mama. Mambo hayo hayaishii kwa wakili. Huishia mlangoni kwa pasta. Kwa hivyo nisikilizeni hadi mwisho.

Sisi watu wa Kahawa Wendani tunaishi kwa vyeti. Jirani yetu mkubwa ni Kenyatta University. Mahali pale palikuwa kambi ya jeshi la Waingereza, Templer Barracks, hadi mwaka wa 1965 ilipokabidhiwa serikali yetu ikawa Kenyatta College. Mwaka wa 1985 ikawa chuo kikuu kamili. Mtaa wetu umekua ukiwafuata wanafunzi. Bedsita tunazopangisha ni za wanafunzi. Saiba zetu zinachapa kazi za wanafunzi. Siku ya mahafali barabara inajaa maua na wapiga picha, mama amevaa kitenge kipya, baba ameshika kile cheti kama anayeshika mtoto mchanga.

Halafu kesho yake kunakuwa kimya. Cheti kinaingia kwenye bahasha, bahasha inaingia chini ya godoro, na kijana anaanza kutafuta kazi. Mwaka unapita. Wa pili unapita. Ndiyo maana simu ikitoka Dubai au Doha, nyumba nzima inapiga magoti.

Mwaka wa 2023 binti mmoja wa kanisa letu alipata ofa ya kufundisha katika shule moja kule Umoja wa Falme za Kiarabu. Ameniruhusu nisimulie habari zake bila kutaja jina. Ana shahada ya ualimu, Hisabati na Kemia. Amesajiliwa na Tume ya Huduma ya Walimu, TSC, lakini kusajiliwa si kuajiriwa, na ninyi mlio na walimu nyumbani mnajua ninachosema. Wakati huo alikuwa anafundisha katika shule ndogo ya chekechea hapa kanisani, kwa mshahara mdogo wa kanisa dogo.

Shule ile ya Ghuba ilimtumia orodha. Cheti cha digrii kilichothibitishwa kisheria. Karatasi ya alama zake za miaka yote 4. Barua ya chuo kusema kwamba kweli alisoma pale, darasani, si kwa mtandao. Cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi. Na barua ya mwajiri kuonyesha uzoefu wa miaka 2. Walimpa wiki 6.

Alikuja ofisini kwangu na mama yake. Mama huyu ana kibanda cha mboga hapa Wendani, na wenzake wa chama walikuwa wamekubali kumkopesha pesa za kumsafirisha binti. Wakaweka ile orodha mezani, na binti akauliza, "Pasta, kuthibitishwa ndiyo nini? Cheti si ni changu? Jina si ni langu? Nilikaa darasani miaka 4, sasa nithibitishiwe nini tena?"

Nilimwambia tutajua pamoja. Na wiki zile, siku ambazo sikuwa na mazishi wala ibada ya katikati ya wiki, nilishuka naye mjini.

Wacha niwaeleze nilichoelewa, maana vijana wengi wanaambiwa "peleka ipigwe muhuri" bila kuambiwa ule muhuri unasema nini.

Mtu akiwa Dubai akishika cheti cha Kenya, hajui sahihi ya Makamu wa Chansela wa chuo chochote cha hapa kwetu. Kwake hiyo ni karatasi nzuri yenye rangi. Hawezi kumjua kila msajili wa kila chuo duniani. Kwa hivyo serikali za dunia zilitengeneza mnyororo wa mashahidi.

Shahidi wa kwanza ni chuo chenyewe, kwa sababu wao ndio wenye sajili ya waliosoma na waliofuzu. Kisha Wizara ya Elimu, pale Jogoo House, inaithibitisha ile hati ya masomo. Ikiwa unatumia nakala badala ya cheti halisi, unaenda kwa wakili aliye na mamlaka ya notari. Yeye anatazama cheti halisi, anatazama nakala, na kushuhudia kisheria kwamba hii ni nakala ya kile. Halafu Msajili wa Mahakama Kuu anathibitisha kwamba ile sahihi ni ya notari kweli. Halafu Wizara ya Mambo ya Nje, Harambee Avenue, inathibitisha sahihi na muhuri wa ofisi iliyotangulia. Halafu ubalozi wa nchi unayoenda unathibitisha muhuri wa Wizara yetu. Na ukifika kule, wizara yao nayo inathibitisha muhuri wa ubalozi wao.

Ziko nchi ambazo zimefupisha safari hii. Kuna Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961, ambao kwa nchi zilizojiunga hati moja tu, inayoitwa apostili, inatosha badala ya mlolongo wote wa balozi. Lakini mwaka huo wa 2023 Kenya haikuwa imejiunga, na Umoja wa Falme za Kiarabu nao haukuwa umejiunga. Kwa binti yetu hakukuwa na njia ya mkato. Mnyororo ulikuwa ufuatwe pete kwa pete.

Sasa angalia jambo ambalo lilinigusa sana nikiwa nimekaa kwenye benchi pamoja naye. Katika ofisi hizo zote, hakuna hata moja inayosema, "Binti huyu anajua Hisabati." Hakuna inayosema, "Huyu ni mwalimu mzuri." Kila ofisi inasema jambo moja dogo tu: "Huyu aliyetia sahihi kabla yangu, namjua." Wizara haimjui binti, inamjua aliyetia sahihi. Ubalozi haumjui aliyetia sahihi, unaijua Wizara. Kila mmoja anamshika mkono aliye nyuma yake, mpaka unarudi kwa yule wa kwanza kabisa, mtu mmoja chuoni anayefungua sajili na kuona jina.

Mpendwa, mnyororo wote unategemea kwamba kila mmoja anasema ukweli kuhusu jirani yake mmoja tu. Ukiweka pete moja ya uongo mahali popote, hakuna kinachofika upande ule mwingine.

Wiki ya pili mambo yalienda polepole. Barua ya chuo ilikuwa haijatoka. Nauli zilikuwa zinaisha. Hapo ndipo simu ikapigwa. Mtu aliyejiita ajenti alimwambia binti, "Dada, unajichosha bure. Nipe 40,000. Siku mbili, mihuri yote, hadi ya ubalozi. Hutatoka nyumbani."

Alikuja kuniambia, na maneno yake sijayasahau. "Pasta, si kama nanunua digrii. Digrii yangu ni ya kweli. Nanunua muda tu."

Mnaona vile hoja hiyo ilivyo tamu? Sote tunawajua watu wa vyeti vya River Road. Wale tunawalaani kwa urahisi. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilipotangaza matokeo ya ukaguzi wake, vyeti zaidi ya 2,000 vilipatikana kuwa vya kughushi miongoni mwa wafanyakazi wa serikali, na nchi nzima ikapiga kelele. Lakini huyu hakuwa mmoja wao. Huyu alikesha na vitabu. Huyu alikula mkate na chai ya rangi ili amalize mwaka wa 4. Cheti chake kilikuwa safi kama maji ya mvua. Alichokuwa anauziwa ni muhuri wa uongo juu ya cheti cha kweli.

Nikamwambia, "Mwanangu, leo una cheti ambacho hakuna mtu duniani anaweza kukikana. Ukikipiga muhuri wa uongo, utakuwa umekitoa kwenye rundo la kweli na kukiweka kwenye rundo la uongo kwa mikono yako mwenyewe. Mtu wa ubalozi akitazama na kuona muhuri huo si wao, hatasema, 'Muhuri ni bandia lakini digrii ni halisi.' Atasema, 'Hiki cheti ni bandia.' Na ile miaka 4 itaingia kwenye jaa pamoja nacho."

Wala msidhani sheria itakuhurumia kwa sababu digrii ilikuwa yako. Katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kughushi hati ni jinai, na kuiwasilisha hati ukijua ni ya kughushi ni kosa pia, hata kama mkono ulioighushi haukuwa wako. Ajenti atazima simu. Jina lililo kwenye karatasi ni lako.

Yeye alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Sawa Pasta. Basi hilo limeisha. Lakini kuna lingine."

Lile lingine lilikuwa langu.

Shule ilitaka uzoefu wa miaka 2. Yeye alikuwa amefundisha kwetu miezi 8. Yule ajenti alikuwa amemwambia, "Pasta wako si ana shule? Si ana muhuri? Aandike miaka 2." Mama yake, ambaye namheshimu sana, ambaye ameombea kanisa hili tangu tulipokuwa chini ya hema, akanitazama na kusema kwa upole, "Ni barua tu, Pasta. Miezi 16 ni kitu gani mbele za Mungu? Wewe mwenyewe unajua mtoto huyu anafanya kazi."

Watu wa Mungu, hapa ndipo mahubiri yanapoacha kuwa maneno. Ni rahisi kumkemea ajenti. Lakini mama aliyekubeba kwa maombi akiomba barua ya mistari mitano, na karatasi yenye nembo ya kanisa iko mezani, na muhuri uko kwenye droo ya kushoto, hapo ndipo unajua unaamini nini.

Usiku ule nilifungua Biblia nikatafuta mihuri. Nataka muandamane nami mahali pawili.

Mahali pa kwanza ni 1 Wafalme 21. Mfalme Ahabu anataka shamba la mizabibu la Nabothi, na Nabothi amekataa kuliuza, kwa sababu ni urithi wa baba zake. Yezebeli anaandika barua kwa jina la mfalme na kuzitia muhuri wa mfalme. Tazama vizuri. Ule muhuri haukuwa bandia. Ulikuwa muhuri halisi wa Ahabu. Wazee wa mji walipoupokea, hawakuwa na sababu ya kuutilia shaka. Ni kile kilichoandikwa ndani ndicho kilikuwa uongo, na mtu asiye na hatia alipigwa mawe akafa.

Nikaona, Bwana, huyu ajenti wa simu ana muhuri wa uongo anaotaka kuuweka juu ya cheti cha kweli. Lakini mimi ninaombwa kitu kibaya zaidi. Mimi nina muhuri wa kweli, na ninaombwa niuweke juu ya uongo. Ule wa ajenti unaweza kugunduliwa kwa kutazamwa. Wa kwangu hakuna atakayeugundua kwa macho, kwa sababu ni halisi.

Mahali pa pili ni Yeremia 32. Jeshi la Babeli limeizingira Yerusalemu. Yeremia mwenyewe ni mfungwa katika uwanja wa walinzi. Katika hali hiyo binamu yake Hanameli anakuja kumuuzia shamba kule Anathothi. Ndugu, nani ananunua shamba wakati adui yuko langoni? Hata ukilinunua leo, kesho utalilimaje? Lakini Yeremia anafanya kila kitu kama inavyotakiwa. Anapima fedha kwa mizani, shekeli 17. Anaandika hati. Anaitia muhuri. Anaita mashahidi. Hati zinakuwa mbili, moja imefungwa na moja iko wazi, na anamkabidhi Baruku azihifadhi kwenye chombo cha udongo, ili zidumu.

Hakuna ofisi iliyokuwa inaharakisha. Hakuna visa iliyokuwa inangoja. Karatasi ile haikuwa na faida yoyote wiki ile, wala mwezi ule. Lakini ilikuwa ya kweli kutoka juu hadi chini, na kwa sababu ilikuwa ya kweli, ingeweza kungoja. Hilo likakaa moyoni mwangu. Hati ya uongo lazima itumike haraka, kabla haijajulikana. Hati ya kweli ina uwezo wa kungoja.

Asubuhi nikaandika barua. Niliandika miezi 8, na tarehe aliyoanza. Nikaandika pia yote niliyoyajua kuwa kweli: kwamba amefundisha Shule ya Jumapili kwa miaka 3 bila malipo, kwamba hachelewi, kwamba watoto wanaomwogopa Hisabati hawaiogopi wakiwa naye. Ilikuwa barua nzuri. Lakini ilisema miezi 8.

Binti naye alimkatalia yule ajenti. Tukamaliza mnyororo. Barua ya chuo ikatoka, Jogoo House ikapita, Mambo ya Nje ikapita, ubalozi ukapita. Wiki ya 6 ilikuwa haijaisha faili ilipotumwa.

Na jibu likaja baada ya siku 9. Walimshukuru. Walisema hati zake zote ziko sawa. Lakini walihitaji mwalimu mwenye uzoefu wa miaka 2, na nafasi wamempa mwingine.

Sitawadanganya kwamba nilipiga kelele za shangwe siku hiyo. Jumapili baada ya ibada mama yake alinisubiri mpaka watu wote wakatoka. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Pasta, sasa ule ukweli umetusaidia na nini? Deni la chama liko. Mtoto yuko. Kazi haiko. Ungeongeza miezi tu."

Nilimwambia hivi, na nawaambia ninyi pia.

"Mama, muhuri ule si wangu peke yangu. Watoto wa mtaa huu wanaleta fomu za basari za NG-CDF niwatilie sahihi, kwamba kweli huyu ni yatima, kweli huyu mzazi wake hana kazi. Wanandoa wanafungiwa ndoa hapa na cheti kina jina langu. Wazee wanaomba barua za kupeleka hospitali. Wote hao wanakula kwa ile sahihi. Siku nitakapoandika uongo mmoja, hata wa upendo, na ujulikane, ofisi itakapoona jina langu itaweka karatasi kando. Na atakayeumia si mimi. Ni yule yatima wa kweli atakayekuja mwaka ujao, akiwa na barua ya kweli, yenye sahihi ambayo haiaminiki tena. Siwezi kumlipia mtoto wako safari kwa kutumia chakula cha mtoto wa mwenzako."

Alilia. Nami nililia. Sikuwa na jingine la kumpa zaidi ya maombi na gunia moja la viazi. Deni la chama walilipa pole pole, mwaka mzima.

Sasa sikiliza. Sisemi kwamba kila anayesema ukweli hupata kazi kesho yake. Nimewazika watu waaminifu waliokufa maskini, na najua wako mikononi mwa Bwana. Tukihubiri kwamba ukweli hulipa kila mwezi kama mshahara, tutawaumiza watoto wetu. Lakini nitawaambia kilichotokea, kwa sababu kilitokea.

Binti alipata nafasi katika shule moja ya kibinafsi upande wa Ruiru. Akafundisha pale miaka 2 kamili. Mwaka wa 2025 aliomba kazi tena, shule nyingine, nchi ile ile ya Ghuba. Walipomtumia orodha, aliinua godoro akatoa bahasha. Cheti kilikuwa pale. Muhuri wa Jogoo House ulikuwa pale. Wa Mambo ya Nje, wa ubalozi, yote ilikuwa pale, halisi, inangoja. Kilichoongezeka ni cheti kipya cha mwenendo mwema na barua ya mwajiri wake wa Ruiru.

Na mchana mmoja nikiwa ofisini simu yangu ililia, namba ya nje. Mtu kwa sauti ya heshima akaniuliza kwa Kiingereza kama mimi ndiye niliyeandika barua fulani mwaka wa 2023. Nikasema ndiyo. Akauliza, "Alifanya kazi kwenu kwa muda gani?" Sikuhitaji kukumbuka nilidanganya nini. Sikuhitaji kumpigia mama yake kwanza ili tupatane. Nilisema, "Miezi minane." Nikasikia kalamu. Akasema asante.

Leo anafundisha kule. Amemjengea mama choo cha ndani na amelipia mdogo wake karo. Utukufu ni kwa Mungu.

Kwa wale ambao wako njiani sasa, pokeeni ushauri huu wa pasta ambaye amekaa kwenye yale mabenchi.

Anza na mwisho. Kabla hujalipa hata shilingi, uliza ubalozi wa nchi unayoenda, au mwajiri kwa maandishi, wanataka hati gani na mihuri gani. Kila nchi ina orodha yake. Iliyomfaa jirani yako wa Doha huenda isikufae wewe.

Angalia majina yako leo. Kitambulisho kikiwa na majina 3, digrii iwe na 2, na pasipoti iyapange tofauti, rekebisha mapema. Mara nyingine hati ya kiapo kutoka kwa wakili inatosha. Mara nyingine utahitaji kubadilisha jina rasmi, na hilo lina utaratibu wake na siku zake.

Jua tofauti kati ya Kamishna wa Viapo na notari. Ule muhuri wa haraka wa kuthibitisha nakala, unaokubalika kwa kazi nyingi za hapa nchini, mara nyingi haukubaliki ng'ambo. Uliza kabla ya kulipa.

Usimpe mtu cheti chako halisi akuondokee nacho. Mtu akikataa uende naye ofisini, jiulize kwa nini hataki uone mlango anaoingia.

Ajenti wa kazi, mtafute kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Kama hayuko, hata awe ni shemeji ya mzee wa kanisa, mwache.

Na anza mapema. Huyu binti alikimbizana na wiki 6. Wewe uliyemaliza chuo mwaka huu, usingoje ofa. Chukua barua yako ya chuo sasa, nyoosha majina sasa, ukiwa bado unajua mlango wa ofisi ya msajili. Kuwa kama Yeremia. Tayarisha hati wakati hakuna dalili ya shamba.

Kwenu wazazi, neno moja. Mtoto wako akikataa mkato na akose, usimwambie, "Si nilikwambia?" Maneno hayo yamewasukuma vijana wengi kwa wauza mihuri kuliko umaskini. Mpikie chai. Mwombee. Mwache kesho yake aamke akiwa bado mtu mzima.

Na kwenu wenye mihuri. Naongea na mwalimu mkuu, chifu, daktari, karani, wakili, mchungaji mwenzangu. Ile droo ya kushoto ni madhabahu. Kila unapoifungua, kuna mtu mbali ambaye hakujui, ambaye anaamua maisha ya mtu kwa kukuamini wewe. Usimwuze.

Tuombe.

Baba, tunawaweka mikononi mwako watoto wetu walio na vyeti chini ya magodoro. Wafungulie milango ambayo mkono wa mwanadamu haufungi. Wape subira kwenye foleni na nauli ya kurudi nyumbani. Wale wanaojaribiwa usiku huu na simu ya mkato, wape ujasiri wa kukata simu. Wale waliosema ukweli wakapoteza, wafute machozi, na uzihifadhi hati zao mpaka siku yake. Na sisi tunaotia sahihi, utupe mikono safi. Katika jina la Yesu.

Kama una kijana anayeshughulikia stakabadhi wakati huu, andika jina lake la kwanza hapo chini, tutamwombea kwenye ibada ya Ijumaa. Na watu wote wa Mungu waseme, Amina.

Pasta wenu, Kahawa Wendani.